Kompyuta Iliyofungwa kwa Majani ya Migomba

Nyinyi mnaoianza kazi hii sasa mna shida moja ambayo sisi hatukuwa nayo. Vifaa vyenu hufa kimya. Vinazimika, mnavitupa, mnanunua vingine, wala hamjui kilichoviua. Vya kwetu vilikufa hadharani. Vilivimba, vilivuja, vilinuka, na kifuniko cha kimoja kiliruka kikatua ndani ya chai ya mwajiri wangu. Nitaanzia kwenye chai, ingawa sio mwanzo. Nikianzia mwanzo itabidi niwaeleze kwa nini nilisomea elektroniki, halafu kwa nini nilidhani nimekosea kuisomea, na mtakuwa mmeshaondoka.

Ndani ya kompyuta kuna bodi kuu, ule ubao wa kijani unaobeba kila kitu. Juu ya bodi za enzi zetu kulikuwa na vikopo vidogo vya bati, vimesimama wima kama matangi ya maji kwenye ua wa shule. Hizo ndizo kapasita. Kazi yake ni kuweka akiba ndogo ya umeme na kuutuliza, ili prosesa, ule ubongo wa mashine, isipelekewe umeme wa kurukaruka. Ndani yake mna karatasi iliyolowa kioevu. Miaka ikipita, kioevu hukauka au huvuja, na hapo mashine huanza tabia ambazo hakuna mtu anayezielewa.

Kapasita ina miguu miwili, wa chanya na wa hasi, na ubavuni ina mstari unaoonyesha upande wa hasi. Jambo hili lingewatosha kwa dakika moja. Mimi lilinichukua asubuhi nzima. Ilikuwa wiki yangu ya kwanza katika karakana ya Bwana Nyaga mjini Embu, chumba kimoja nyuma ya duka la dawa za mifugo, ambapo alitengeneza taipureta na, kwa kuwa dunia ilikuwa inabadilika, kompyuta. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na vyeti vyangu ndani ya faili la plastiki. Kule kwetu Kianjai mama alikuwa ametangaza sokoni kwamba mwanawe ni daktari wa kompyuta, na tayari mwanamke mmoja alikuwa ameniletea mtoto mwenye kikohozi.

Basi nikaitazama alama iliyochorwa kwenye bodi, nikautazama mstari kwenye kapasita, nikajiuliza: je, aliyechora bodi alikusudia kuonyesha hasi, au alidhani kila mtu anaijua hasi, kwa hiyo akaonyesha chanya? Nikachora mchoro. Nikachora wa pili wa kuukosoa wa kwanza. Mwishowe nikajishawishi, kwa hoja nzuri sana, kwamba mstari lazima ukae upande usio wake. Nikawasha.

Kapasita iliyogeuzwa hungoja kidogo kabla ya kukasirika. Nilipata muda wa kusema, "Naona inafanya kazi." Halafu ikapasuka kama bunduki ya kuwinda ndege, kifuniko kikaenda juu, na vipande vya karatasi vikaanza kutuangukia kama manyoya ya kuku. Bwana Nyaga alikuwa mezani kwake akinywa chai. Alichungulia kikombe kwa utulivu, akachovya kidole, akatoa kifuniko cha bati, akakiweka kwenye sosa.

"Mwirigi," akasema, "hii ndiyo ile digrii?"

"Samahani, mzee. Nilikuwa nimefikiria sana."

"Hiyo nimeiona. Wakati mwingine fikiria kidogo, halafu uulize."

Wa kuulizwa alikuwepo. Katika kona ya karakana aliketi Mzee Ireri, fundi wa redio, mtu wa Runyenjes, ambaye Nyaga alimpa meza ili asimamie mambo ya lehemu. Ireri hakuwa amesoma elektroniki mahali popote. Alikuwa amefanya kazi Kisumu miaka mingi, akitengeneza redio za watu, na alirudi na mita moja kuukuu, chuma cha lehemu, na pua. Pua ndiyo aliyoiamini zaidi. Alikuwa akiinamia bodi kama mtu anayeonja supu, anavuta pumzi, kisha anasema, "Hii imevuja," kabla hujafungua hata skrubu ya pili.

Siku moja akaniita. "Njoo unuse hapa."

Nikanusa.

"Unasikia?"

"Nasikia kitu."

"Kitu gani?"

Nikafikiri. Nilitaka kutoa jibu sahihi. "Kitu kama… kitu kibaya."

"Samaki," akasema Ireri. "Kapasita ikivuja inanuka samaki. Hiyo usisahau maisha yako yote."

Hapa lazima niwaambie jambo ambalo vijana wa leo, mnaokula kila kitu, hamtaliamini. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano na sikuwa nimewahi kula samaki. Kwetu samaki alikuwa kitu cha vitabuni. Mama aliwahi kuletewa mmoja na mgeni, akamzika nyuma ya zizi. Chuoni nilipoona samaki kwenye sahani ya mtu nilihamia meza nyingine. Kwa hiyo Ireri alikuwa amenipa kipimo ambacho sikuwa na cha kukilinganisha nacho. Ningeweza kumwambia. Badala yake nilitikisa kichwa kama mtu anayejua, halafu sikulala vizuri siku tatu.

Siku ya nne nikaenda sokoni kwa mama mmoja wa Mbeere aliyeleta samaki kutoka bwawani.

"Wangapi?" akaniuliza.

"Mmoja. Ni wa kunusa tu."

Alinitazama. "Kijana, samaki wangu ni wazuri. Hawahitaji kunuswa."

"Sio hivyo, mama. Ni wa kazi. Ningependelea ambaye si mzuri sana."

Akamwita jirani yake aje asikie, na nikayarudia yote mbele ya wanawake watano. Waliniuzia samaki ambaye nadhani walikuwa karibu kumtupa. Nikamficha kwenye droo ya meza yangu, nimfungue asubuhi na jioni, ninuse, kisha ninuse bodi, nilinganishe. Niliandika matokeo kwenye daftari. Nilipanga kufanya hivyo wiki nzima, kwa sababu niliona harufu ya siku moja haiwezi kuaminika kisayansi.

Siku ya tatu karakana yote ilinuka. Ireri aliinamia bodi moja, akasema imevuja. Akainamia nyingine, imevuja. Taipureta nayo imevuja. Akainamia redio mpya, iliyotoka dukani asubuhi ile, akainuka polepole, akaanza kutembea akifuata pua yake hadi akasimama mbele ya droo yangu.

Sikufukuzwa kwa ajili ya samaki. Nyaga alicheka hadi akalazimika kukaa. Lakini aliandika jambo kwenye kijitabu chake, na nilijua lilikuwa la nini. Nilikuwa na miezi mitatu ya majaribio, na mwishoni mwake angeamua kama nibaki au nirudi Kianjai kutibu vikohozi.

Sasa nije kwenye mashine iliyotaka kuniamulia.

Ilikuwa ya shule moja ya sekondari ya wasichana upande wa Kangeta, kule Igembe, ambako asubuhi ukungu huingia ofisini kabla ya wafanyakazi. Aliyeitumia alikuwa katibu wa shule, Bi. Kagwiria, mwanamke aliyepiga chapa haraka kuliko wengine wanavyosema. Malalamiko yake yalikuwa mafupi: asubuhi mashine haiamki. Feni inazunguka, taa inawaka, skrini nyeusi.

Iliteremshwa Embu kwa lori la shule, ikafika jioni. Nilikuwa nimesoma kwamba chombo kilichosafiri kisiwashwe mara moja, kipumzishwe kwanza. Nikaipumzisha. Kesho yake saa nne, jua la mlangoni likiwa limeishukia meza, nikaiwasha. Ikaamka papo hapo. Nikaizima, nikaiwasha. Nilifanya hivyo mara kumi na moja. Nikasafisha vumbi, nikatafuta virusi, nikapapasa vichwa vya kapasita zote kama Ireri alivyonifundisha, kwa dole gumba, vile mtu anavyochagua maparachichi. Kapasita nzima ina kichwa bapa. Mbovu mara nyingi huvimba kidogo, na dole gumba huligundua jambo hilo kabla ya jicho. Zote zilikuwa bapa. Nikaandika ripoti ya kurasa nne, nikairudisha mashine shuleni.

Siku tatu baadaye simu ikalia. Haiamki.

Ikashuka tena. Safari hii nilishuku umeme wa kule, nikabadilisha kisanduku kizima cha umeme kilichomo ndani yake. Nikaipumzisha siku nzima, nikaongeza nusu siku kwa tahadhari. Ikaamka vizuri kabisa. Ripoti kurasa sita. Ikarudi.

Simu ikalia. Haiamki.

Nyaga akaniambia niende mwenyewe. Nilipanda basi asubuhi na mapema, nikafika shuleni saa sita na nusu, paa la mabati la ofisi likilia kwa jua. Bi. Kagwiria hakuinuka.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi, Bi. Kagwiria. Habari za kazi?"

"Kazi ipi? Kaa uone." Akabonyeza kitufe kwa ghadhabu, mgongo wake umeigeukia skrini, macho yake kwangu. Nyuma yake skrini ikawaka, herufi zikaanza kushuka kwa adabu kama watoto wa darasa la kwanza.

"Umeona?" akasema.

"Imeamka."

Aligeuka.

"Asubuhi nimeiwasha mara sita," akasema. "Mwalimu mkuu amepita, akaniona nimekaa mikono mitupu, akaniuliza kama niko likizo. Sasa wewe umeingia, imejifanya malaika. Wewe umetoka wapi?"

"Embu."

"Hapana, kwenu."

"Kianjai."

"Ala. Tigania." Akaitazama mashine, akanitazama mimi. "Basi mmeelewana nyinyi wawili. Watu wa Tigania wanapenda kuonekana wema mbele ya wageni."

Nilirudi Embu na daftari. Ndani ya basi niliandika sababu zote zinazowezekana, zikafika kumi na tisa. Kulikuwa na mwinuko kutoka usawa wa bahari. Kulikuwa na panya. Kulikuwa na ule mwaka elfu mbili uliokuwa unakuja, ambao wakati huo ulilaumiwa kwa kila kitu, hata maziwa yakiganda. Nambari kumi na nne iliandikwa "baridi". Niliikata kwa mstari, nikaandika pembeni: haiwezekani, mashine imo ndani ya nyumba. Vijana, sikilizeni. Ukishaanza kukata vitu kwenye orodha kwa sababu ya heshima yako mwenyewe, funga daftari unywe chai.

Nyaga alinisikiliza hadi sababu ya saba, akainua mkono.

"Mwirigi, wewe ni kijana mzuri. Wateja wanakupenda, isipokuwa wale ambao wameshaleta mashine. Miezi yako mitatu inaisha Ijumaa ijayo. Hiyo kompyuta ya Kangeta ikishuka tena, uiponye. Ukiipeleka juu ikakataa, usijisumbue kurudi. Nitakutumia vyeti vyako kwa posta."

Jumanne, simu. Nilijua mlio wake kabla ya kuinua.

"Lori la shule limeharibika," alisema Bi. Kagwiria. "Nimempa Salim. Atapita hapo Embu."

"Salim ni nani?"

"Wa miraa."

Salim alikuwa mtu wa Maua, dereva wa pikapu iliyobeba miraa kutoka Kangeta hadi Nairobi, na barabara yake ilipita kwetu. Mnajua miraa haina subira. Ikichumwa asubuhi lazima ifike ikiwa mbichi, kwa hiyo hufungwa vitita ndani ya majani ya migomba, hunyunyiziwa maji, na dereva huendesha kama anayefukuzwa. Safari iliyochukua basi saa tano, Salim aliimaliza kwa nusu. Saa tisa alasiri tukasikia breki, na wenye vibanda wakasogeza bidhaa zao ndani.

Aliingia amekumbatia kitu. Kilikuwa kikubwa kama mtoto wa ng'ombe, kijani kibichi, kimefungwa kamba za migomba pande zote kwa ustadi mkubwa, na kilikuwa kinadondosha maji sakafuni.

"Nani Mwirigi? Mzigo wako."

Nilidhani amekosea. "Mimi nangoja kompyuta."

"Ndiyo hii."

Ireri aliweka chini redio. Nyaga alitoka nyuma ya meza yake.

"Umeifunga hivi kwa nini?" nikauliza.

"Niliambiwa ifike ikiwa hai," akasema Salim. "Mimi nafunga vitu vifike vikiwa hai miaka kumi na miwili sasa. Nailoni ndani, majani mawili mawili nje, nikaiweka chini kabisa ya vitita ambako jua halifiki. Nimeinyunyizia Meru, nimeinyunyizia Chuka."

"Umeimwagia maji?"

"Sasa si ingekauka?"

"Salim, kompyuta inatakiwa ikauke."

Alinihurumia waziwazi. "Kijana, kitu kikikauka njiani, Nairobi hawakitaki." Akatazama saa yake, akaondoka. Tulisikia pikapu ikifika mwisho wa mji kabla sijagusa kamba ya kwanza.

Nilikata kamba. Nilitoa jani moja baada ya jingine, nikiona kazi yangu ikivuliwa pamoja nayo. Chini ya majani kulikuwa na nailoni, imekunjwa vizuri mara mbili, na ndani ya nailoni kompyuta ilikuwa kavu kabisa. Kavu, lakini baridi. Nikagusa bati lake na kuuondoa mkono. Ilikuwa baridi kama sufuria iliyolala nje.

"Washa," akasema Nyaga.

"Haiwezekani, mzee. Lazima ipumzike kwanza. Kitaalamu, chombo kilichotoka safarini kinaachwa hadi kesho, kikae, kizoee, hadi kipate joto la chumba, ndipo…"

Nikaitazama mashine. Nilikuwa nimeisikia sauti yangu mwenyewe. Mara ya kwanza niliipumzisha hadi ikapata joto la chumba. Mara ya pili niliipumzisha zaidi. Mara ya tatu niliifuata kwake, nikafika saa sita na nusu, paa limeshaipasha. Muda wote huo nilikuwa mtu anayeitwa kumwona mgonjwa mwenye homa za baridi, anayemfunika blanketi, anamnywesha uji, anangoja apone, halafu anasema hamwoni akitetemeka.

Nikaondoa nailoni, nikapitisha kitambaa kikavu kila mahali ili nihakikishe hakuna hata tone, nikachomeka waya, nikabonyeza kitufe.

Feni ikazunguka. Taa ikawaka. Skrini ikabaki nyeusi.

Sijawahi kufurahi hivyo kwa kuona kitu kimekufa. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

"Imekufa na anacheka," Nyaga akamwambia Ireri. "Nilijua hii digrii ina kitu."

"Mwache," akasema Ireri. Alikuwa ameshasogeza kiti. Macho yake yalikuwa yameelewa. "Inaogopa baridi. Fanya haraka kabla haijapata joto yenyewe."

Jambo la kwanza la kujua ni hili: kapasita iliyochoka, ikiwa na baridi, ule unyevu kidogo uliobaki ndani haufanyi kazi. Ikipata joto hujikongoja. Ndiyo maana mashine kama hiyo hukataa asubuhi na kukubali mchana, na mwenye nayo huonekana mwongo. La pili: si kila kapasita mbovu huvimba. Dole gumba linasaidia, halitoshi.

Kando ya prosesa kulikuwa na nne, zimepangwa mstari. Zote bapa, zote safi. Ireri alinipa chuma cha lehemu kilichokuwa moto. "Moja moja. Usiguse plastiki yake. Karibia tu, uipe joto, hesabu hadi thelathini, uwashe."

Nikaisogelea ya kwanza kwa ncha ya chuma. Nikahesabu. Nikawasha. Nyeusi. Ya pili. Nyeusi. Nyaga alikuwa amesimama nyuma yangu, nasikia pumzi yake ya chai. Wakati huo jua la alasiri lilikuwa linatambaa sakafuni kuelekea meza yetu, na nilijua likifika mashine yote itapata joto na ugonjwa utajificha tena. Bila kuambiwa, Nyaga akaenda akasimama dirishani, akalipanua koti lake kama mbawa.

Ya tatu. Nikahesabu hadi thelathini, nikabonyeza. Skrini ikapepesa, ikawaka, herufi zikaanza kushuka.

"Ndiyo hiyo," nikasema.

"Labda," akasema Ireri, na akanipa pamba iliyolowa spiriti. "Ipoze tena."

Nikaizima, nikaibandika pamba juu ya kikopo kile, nikasubiri kipoe, nikawasha. Nyeusi. Nikaipasha, ikaamka. Nikaipoza, ikalala. Nyaga alitaka aoneshwe tena, akiwa bado dirishani, anageuza shingo. Hapo ndipo unaweza kusema umeijua kapasita: unapoweza kuilaza na kuiamsha upendavyo. Kabla ya hapo unakisia tu, hata ukiandika kurasa sita.

Nilipoing'oa, chini yake kulikuwa na doa la kahawia, na sikuhitaji mtu wa kuniambia lilinuka nini. Nilizibadilisha zote nne, si ile moja tu. Zilizaliwa siku moja, zimekula joto moja, na tatu zilizobaki zingefuata. Tulitoa nyingine kwenye bodi karibu mpya iliyopigwa na radi upande mwingine. Soma namba zilizoandikwa ubavuni: uwezo uwe uleule, volti ziwe zilezile au zaidi, kamwe zisiwe chini. Nilipoishika ya kwanza Ireri aliniuliza, "Mstari uko wapi?" Nikamwonyesha bila kuchora chochote. Nyaga alihamisha kikombe chake hata hivyo.

Baada ya lehemu kupoa tuliirudishia mashine nailoni yake, tukaifunga kwa vitambaa vilivyolowa maji ya kisima, tukaiacha kivulini hadi ikawa baridi kama ilivyofika. Ikaamka. Lakini Embu sio Kangeta, na Nyaga alikuwa mtu wa kushika neno lake.

"Alhamisi uipeleke," akasema. "Ijumaa asubuhi iwake mbele ya yule mama. Ikiwaka, nipigie simu. Isipowaka, usinipigie."

Nililala Maua kwa ndugu wa Salim, ambaye alinipa chai ya maziwa na ushauri mwingi kuhusu namna ya kufunga mizigo. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa mlangoni pa ofisi ya shule. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nilimsikia Bi. Kagwiria kabla ya kumwona. Alikuwa na sweta mbili na kitambaa kichwani. Mashine ilikuwa imelala ofisini tangu jana yake, dirisha wazi, kama nilivyoomba. Niliiwekea kiganja. Ilikuwa baridi ya kutosha.

"Usiiguse," akasema. "Wewe ukiwepo inadanganya. Simama kule nje."

"Nje?"

"Nje. Kwenye ukungu."

Nikatoka. Nilisimama chini ya mchirizi wa paa, vyeti vyangu ndani ya mkoba kwa sababu nilikuwa nimepanga kupitia Kianjai iwapo mambo yangeharibika, na nikaanza kuwaza. Niliwaza kwamba labda ya nne niliichoma sana. Niliwaza kwamba labda kulikuwa na ya tano, mahali pengine, ambayo sikuipoza. Niliwaza mama sokoni, na nini angewaambia. Nilikuwa nimefika sababu ya nane niliposikia kitu kutoka ndani. Kilikuwa kibodi. Kilikuwa kinapigwa kwa kasi ile ya mvua kubwa juu ya mabati, bila kupumzika, na nilielewa kwamba hakuwa na mpango wa kuja kuniambia.

Nikachungulia. Skrini ilikuwa imewaka. Bi. Kagwiria alikuwa ukurasa wa pili.

"Imeamka?" nikauliza.

"Unaona nini?"

"Ingekuwa vizuri tuizime, tuiwashe tena mara chache, ili tuwe na hakika kabisa." Nikanyoosha mkono kuelekea kitufe.

Alinipiga kofi mkononi bila kuacha kuandika kwa mkono wa pili. "Fundi, ukiizima nitakuzima. Wiki tatu nimeonekana mvivu. Kuna chai pale kwenye chupa. Kunywa, halafu piga simu yako kwa sauti ya chini."

Nilikunywa. Mwalimu mkuu alipita, akamwona Bi. Kagwiria, akasimama, akaendelea na safari yake. Bi. Kagwiria aliongeza mwendo wa vidole hadi hatua za mwalimu mkuu zikapotea.

Nikampigia Nyaga. Alipokea upesi sana, nadhani alikuwa ameikalia simu.

"Imewaka," nikasema. "Asubuhi, kwa baridi, mbele yake. Kusema kweli mimi nilikuwa nje."

"Umeijaribu mara ngapi?"

"Mara moja tu, mzee."

Nilimsikia akifunika simu kwa mkono na kumwambia Ireri jambo, na Ireri akicheka kule kona yake.

"Mara moja," Nyaga akarudia. "Basi panda gari uje kazini, kabla hujaanza kufikiri."